Edina Haogopi Jogoo

Sinza, Dar es Salaam
9 Machi 2015

Shangazi Skolastika, shikamoo.

Natumaini goti lako limetulia na mvua huko hazijaanza kukuzuia kwenda misa ya asubuhi. Sisi wazima, ila joto la mji huu linatupika bila mafuta. Baba anakusalimu sana kutoka Dodoma. Tangu astaafu anafuga njiwa, na mama analalamika kwamba anawajulia hali njiwa kabla yake. Barua hii nampa Pastory, yule mhudumu wa behewa. Ningepiga simu, lakini uliniambia simu inameza maneno, barua ndiyo inatafuna.

Shangazi, nina shida ya kikazi. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza mchezo wa kompyuta. Usishtuke, si wa kupigana. Ni wa mafumbo. Anayecheza anamwongoza msichana aitwaye Edina, aliyelelewa ndani ya ua tangu mchanga, haijui dunia. Siku moja inambidi atoke, na kila mlango una fumbo lake. Nyumba nimeichora kwa kuikumbuka nyumba yako ya Ujiji, nilivyoiona nilipokuja likizo nikiwa darasa la nne. Milango ipo, mbuzi yupo, geti lipo. Msichana ndiye hajapatikana. Tumemfanya anatetemeka, analia, kila kitu anauliza "hiki ni nini?", hata jogoo anamwogopa. Wenzangu wanasema anachosha. Aliyemfungia tumemweka mjomba katili mwenye kutaka urithi.

Wewe umelea, na watoto wa komunyo ya kwanza unawafundisha mpaka leo. Niambie, msichana wa namna hiyo anakuwaje hasa?

Mwanao,
Jonathan Benedict


Ujiji
12 Aprili 2015

Mwanangu Jonathan,

Marahaba, na Bwana amefufuka. Goti linakushukuru kwa kulikumbuka. Limeomba likizo tangu Januari na mimi silipi. Mwambie kaka yangu njiwa hawamjui hata jina, akamwamkie mkewe.

Barua yako ilifika Machi hiyo hiyo. Kuandika naandika mwenyewe, unaona herufi zangu zilivyo kubwa kama za kwenye mabasi, lakini macho yangu na mwandiko wako wa sisimizi havipatani. Anayenisomea ni binamu yako Frida, yule mtoto ambaye mdogo wetu Domitila alituachia. Ana miaka kumi na tisa sasa, mzima, yupo hapa hapa ndani. Alisoma mpaka neno "mchezo," nikamwambia simama hapo hapo, tuko Kwaresima. Nikaiweka barua kwenye Biblia, katika kitabu cha Yona, nayo ingoje tumboni kama mwenzake. Ndiyo maana majibu yamechelewa. Usinune.

Sasa huyo Edina wako. Samahani mwanangu, huyo amefungiwa ndani ya ua au ndani ya gunia? Msichana wa ndani si mjinga. Mjinga ni yule anayezunguka mjini kutwa na asisikie kitu. Aliyekaa ndani ana masikio. Anamjua Mzee Mwinshehe, fundi cherehani jirani yetu, kabla hajabisha hodi, kwa sababu ndala yake ya kushoto inaburuzika. Honi ya meli anaijua, ya treni anaijua, na dagaa wa leo kama walinyeshewa wakianikwa anajua kwa harufu, naye yuko jikoni anamenya vitunguu.

Tena hakuulizi "hiki ni nini?" Anakuuliza, "Mama, mbona leo umerudi kwa njia ya sokoni?" Nawe hukumwambia ulikopita. Ameona ganda la muwa kwenye pindo la kanga.

Na anasoma. Anasoma magazeti yanayofungia vitumbua na chumvi, kwa hiyo anajua nusu ya kila habari. Kuna waziri mmoja ambaye kwetu hapa yuko njiani kwenda kufungua daraja, mwaka wa nne sasa, maana kipande kilichobaki kilifungia karanga za mtu mwingine.

Halafu anasalimia kupita kiasi. Kwa kuwa hakutani na watu wengi, salamu zinamjaa. Nimemsikia kwa masikio yangu anamwambia mbuzi shikamoo. Nikamuuliza, wewe una akili? Akanijibu, "Mama, huyu ana ndevu."

Habari ya jogoo labda umepatia. Wa ndani anaweza kumwogopa jogoo kidogo.

Huyo mjomba katili mtoe. Si kila mlango uliofungwa umefungwa na mtu mbaya. Aliyemfungia ni nani, hilo nitakujibu siku nyingine, leo nina kipindi cha Rozari. Bahasha naigundisha kwa ugali wa jana, gundi ya dukani siiamini, na naiacha dirishani ikauke mpaka nirudi.

Mungu akulinde na hilo joto.
Shangazi yako,
Skolastika

(Nyuma ya karatasi, kwa penseli, herufi ndogo zilizonyooka:)

Kaka Jonathan, shikamoo. Habari ya jogoo si kweli. Jogoo ndiye anayemwogopa msichana. Tafadhali rekebisha.


Sinza
2 Mei 2015

Shangazi, shikamoo, na poleni na mvua.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliwasomea wenzangu, tukacheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani amepata mtoto. Tumefuta machozi yote ya Edina. Sasa anamwamkia mbuzi. Tulimpa mchezo dada mmoja wa duka la jirani aujaribu, akapita milango mitatu, halafu akarudi nyuma kumwamkia mbuzi tena. Fumbo la magazeti yaliyochanika nalo limo.

Mjomba tumemtoa. Lakini sasa geti limefungwa na hakuna aliyelifunga, na mchezo una tundu katikati. Nakungoja.

Fumbo la kwanza ni kuutafuta ufunguo wa geti. Nimeuficha chini ya mtungi wa maji. Je, panafaa? Na Edina anaogopa nini, kama si jogoo?

Swali la mwisho. Umeandika kwamba "umemsikia" anamwamkia mbuzi. Shangazi, ni msichana gani huyo uliyemsikia?

Jonathan

Nyongeza: Nashukuru pia kwa maelezo ya penseli kuhusu jogoo. Sikujua kwamba nina waandishi wawili huko Ujiji. Mwandishi wa pili aendelee.


Ujiji
7 Juni 2015

Mwanangu Jonathan,

Marahaba. Barua yako imesomwa hapa, nimefurahi, ila naona siku hizi mnaacha nafasi kubwa kati ya mistari. Karatasi imejaa pande mbili, lakini ilisomwa ikaisha upesi kuliko nilivyotegemea.

Samahani kwa kuchelewa. Bila shaka umesikia habari za huku. Tangu mwezi uliopita watu wa Burundi wanashuka kutoka Kagunga, meli inawaleta hapa Kigoma, wanalala uwanja wa mpira, halafu mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu. Sisi wanawake wa parokia tunapika uji. Nimekoroga uji ndani ya pipa kwa mwiko mrefu kama kasia, na bega langu sasa limejiunga na goti. Watoto wanalia kwa Kirundi, sisi tunawabembeleza kwa Kiha, nao wanatulia, maana lugha hizo ni mtu na binamu yake. Mengine niliyoyaona huko sitaandika. Nimeshawahi kuyaona mwaka wa tisini na sita.

Baada ya siku chache alikuja hapa nyumbani Sista Marcelina wa parokia. Anatafuta wasichana wenye mwandiko mzuri wanaosikia Kirundi, wakakae kambini miezi mitatu, waandike majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Akamtaka Frida. Nikamwambia Frida ana mafua. Hilo nimeshaliungama, Padre amenipa Salamu Maria kumi, kwa hiyo sitaki kukumbushwa. Ila baada ya kunipa hizo kumi Padre aliniuliza, "Na hayo mafua, yanategemewa kupona lini?" Sikulipenda swali lile.

Turudi kwa Edina. Haogopi giza, haogopi nyoka. Nyoka alimuua kwa mchi, akaendelea kutwanga. Anaogopa kusalimiwa na watu wengi kwa mpigo, asijue aanze na nani. Na anaogopa kuvuka barabara ya lami, maana maisha yake yote amevushwa.

Haya, wewe ni mtu mzima, umeshaelewa. Ni Frida. Nimemwazima kidogo, kama mtu anavyoazima chumvi kwa jirani. Alipofika kwenye swali lako, "ni msichana gani huyo?", alilisoma vizuri tu halafu akakohoa. Nikafikiri, labda Mungu amenihurumia na mafua yamekuja kweli.

Nilimpeleka shule mimi mwenyewe kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na kumrudisha, na mwavuli, jua au mvua. Wenzake walimwita Askofu, kwa kuwa alitembea chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine. Alinililia siku moja tu. Siku ya pili akaanza kuwabariki njiani kwa vidole viwili, wakanyamaza.

Ufunguo usiuweke chini ya mtungi, kila mwizi anaanzia hapo. Uweke mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba ile mwenye haja ya kupagusa.

Nani alilifunga geti, bado sijapata nafasi ya kukujibu. Na siku ile nilipokuandikia, baadaye Frida aliunguza maharage. Mtoto ambaye hajawahi kuunguza hata chai! Sijui anawaza nini.

Skolastika

(Nyuma, kwa penseli:)

Kaka, sina mafua wala sikuwa nayo.

Ufunguo uko ndani ya kopo la kahawa ya Kalinzi, juu ya kabati. Nimejua tangu darasa la tatu. Mama akishafungua geti asubuhi mkono wake unanukia kahawa, na sisi ni watu wa chai.

F.


Sinza
28 Juni 2015

Shangazi, shikamoo.

Pole na bega. Baba nimemsomea habari ya uji kwa simu, akasema, "Skola huyo huyo." Anakuombea. Njiwa wamefika ishirini na wawili.

Askofu ameingia kwenye mchezo, mwavuli na vidole viwili vyote. Wenzangu wanasema sasa Edina ni mtu, hata akikosea wanamwonea huruma badala ya kumkasirikia. Nyoka tumemwondoa, hana kazi tena.

Bado nasubiri kuambiwa nani alilifunga geti. Siulizi kwa kukusumbua. Nikikosa hilo, kila kitu kingine ni mapambo.

Jonathan

Kuanzia hapa ni kwa mwenye penseli, naye anajua la kufanya akifika hapa.

Frida, habari ya kahawa nimeipeleka mezani na wenzangu wakapiga makofi. Lakini imeniharibia mchezo. Kwetu mchezaji akipata ufunguo, geti linafunguka na fumbo limekwisha. Wewe umekuwa nao tangu darasa la tatu. Kwa nini hukutoka? Na hiyo kazi ya Sista Marcelina, wewe mwenyewe unaitaka?


Ujiji
26 Julai 2015

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Dagaa wameadimika, bei ya mafuta ya mawese usiniulize. Mzee Mwinshehe amepata miwani mpya kutoka kwa mwanawe wa Tabora, na tangu aivae amegundua kwamba suruali zote alizoshona mwaka jana mguu mmoja ni mrefu. Wateja walikuwa wanajua. Walimheshimu tu.

Padre ameniuliza habari ya mafua mara ya pili, mbele ya watu. Sista anasema nafasi anaishikilia mpaka gari la mwanzo wa Oktoba.

Kuhusu geti, Jonathan, nimekuambia nitakujibu. Mtu akisema atajibu, anayengoja asigonge tena.

Nimechoka leo. Salimia njiwa, maana naona ndio wakubwa wa ukoo siku hizi.

Skolastika

(Nyuma, kwa penseli, mistari imebanana mpaka ukingoni:)

Kaka, samahani, swali lako ni zuri kuliko mafumbo yako.

Ufunguo niliutoa koponi mara moja, nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa kanisani, geti alilivuta likajifunga lenyewe, ufunguo akausahau koponi. Niliutumbukiza kwenye kufuli la ndani, nikafungua geti, nikaweka mguu mmoja nje. Mchanga wa nje ulikuwa na joto kuliko wa ndani. Nikafikiri: Mama akirudi akakuta geti liko wazi, kabla hajatazama nilipo, ataanguka. Hatanipiga, Mama hajui kupiga. Ataanguka. Nikaurudisha mguu, nikafunga, nikaurudisha ufunguo kwenye kahawa.

Kwa hiyo ufunguo siyo fumbo. Fumbo ni kutoka bila kumwangusha anayeushika. Mafundo ya nyavu nafungua, redio ya Mzee Mwinshehe nilitengeneza, bahasha za Mama za ugali nafungua kwa mvuke wa maharage (ukingoja mvuke uwe mwingi, maharage yanashika chini). Hilo moja limenishinda.

Kazi naitaka. Mama aliporudi kutoka uwanjani alisema yupo mtoto anayejua jina la mbwa wao tu, la kwake halijui. Mimi nililetwa huku nina miezi mitano na sikujua hata la mbwa, lakini Mama alikuwepo, akanijua. Nataka na wao wakute mtu ameshika kalamu.

F.


Sinza
23 Agosti 2015

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kugonga. Sitauliza tena. Mzee Mwinshehe mpe pole na hongera kwa pamoja. Sisi wazima.

Jonathan

Kwa mwenye penseli. Frida, nimebadilisha. Edina anaupata ufunguo mapema, anaweka mguu mmoja nje, anaurudisha. Wenzangu wanasema mchezaji atakasirika. Nimewaambia akasirike. Lakini mwisho wake siujui na siwezi kuubuni nikiwa Dar es Salaam. Nakuomba kitu kimoja: safari hii usiruke. Msomee Shangazi kipande hiki pamoja na vile vya nyuma, kwa sauti yako.


Ujiji
4 Oktoba 2015

Jonathan, mwana wa kaka yangu,

Marahaba, ingawa leo nilikuwa na nia ya kuinyima salamu yako jibu.

Aliruka. Usimlaumu, alisoma mpaka "Sisi wazima," akakunja karatasi. Barua ikakaa kwenye Biblia wiki tatu. Juzi nilikuwa napeleka gauni kwa Mzee Mwinshehe akalipunguze, na barua zako zote nilikuwa nazo mkobani, nikamwambia, mzee, hebu ijaribu hiyo miwani, nisomee tena ya Askofu, nicheke. Akasoma vizuri. Akageuza karatasi.

"Mama Frida, hapa pana maneno ya kumwendea mtu wa penseli."

"Soma."

"Naona hayakuhusu."

"Barua ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi yananihusu."

"Mama Frida, mimi ni fundi nguo, nyumba za watu sizipunguzi wala siziongezi."

"Mwinshehe, una suruali ngapi za mguu mrefu ambazo mtaa mzima ulikustahi?"

Akasoma. Zote tatu. Alipomaliza akavua miwani akaifuta, nayo haikuwa chafu, akaniambia, "Mama Frida, mtoto huyo hajakuibia kitu. Amekutunzia." Gauni nikalisahau palepale.

Nikarudi nyumbani. Frida alikuwa kibarazani na ungo, anachagua maharage. Nikamwambia, "Ya leo usiyaunguze, sijaandika barua."

Akaelewa. Ungo ukabaki mapajani. Hakulia, wala mimi sikupiga kelele. Nilimwambia alete karatasi nilizokuandikia, akaniambia hizo ziko Dar es Salaam, Mama, lakini nakumbuka nilichoandika. Akakisema chote kwa kichwa, akiwa ameinama, habari ya mguu mmoja na mchanga wa moto na mimi kuanguka. Jonathan, nimefundisha watoto kuungama miaka ishirini, na sijasikia ungamo ambalo anayesikiliza ndiye mwenye dhambi.

Basi ikawa zamu yangu. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyegonga mwanzo, nakuandikia nawe.

Hilo geti nililifunga mimi. Mwaka wa tisini na sita Domitila alifika hapa kutoka Rumonge, Burundi, na Frida mgongoni, salama salimini. Siku ya tisa akasema, "Dada, narudi mara moja kumchukua baba'ke, wiki haiishi." Baba yako alikuwa Dodoma, mume wangu marehemu alikuwa safarini, mwenye ufunguo nilikuwa mimi. Nilimfungulia. Nilimbebea hata kifurushi mpaka kwenye boti, na nikamkemea kwa kusahau mwavuli. Nikarudi, nikafunga, nikautia ufunguo kwenye kopo la kahawa aliyoniletea nyumbani mtu wa Kalinzi, kwa kuwa Domitila peke yake ndiye aliyekuwa anakunywa kahawa nyumba hii. Nilisema nitautoa siku atakayorudi. Halafu nikawa nautoa kila asubuhi na kuurudisha, kama mtu anayesali bila kusikiliza anachosali.

Frida alikuwa anajua kwamba mama yake aliondoka. Hakuwa anajua nani alifungua.

Kisha unajua alisema nini? Alisema, "Mama, ua wetu ni wa mabati. Yeye alikuwa mtu mzima. Usingemfungulia angerukia pale kwenye banda la mbuzi, panarukika."

Nikamuuliza, "Wewe unajuaje kwamba panarukika?"

Akasema, "Nimepatazama."

"Ukaruka?"

"Sikuruka."

Nilicheka, Jonathan. Nilicheka na kamasi zikanitoka, na mbuzi akatuangalia kama mzee anayesubiri kuamkiwa.

Sasa nisikilize, na uwaambie na hao wenzako. Fumbo lenu mmelihangaikia miezi, wewe wa chuo kikuu na yeye wa kidato cha nne, mkashindwa. Mimi wa darasa la saba nimelifungua. Mlikosea mahali pamoja: mnahangaika na anayetoka tu. Mwenye ufunguo ndiye anayetangulia kutoka.

Jana asubuhi nilifungua geti, nikampa Frida ufunguo mkononi, nikatoka mimi. Goti na yote. Nikavuka barabara ya lami, nikasimama ng'ambo, mwavuli nimeufunga. Nikamwita, "Njoo." Akasimama ukingoni. Ikapita pikipiki, likapita lori la mawese, zikapita bajaji mbili, naye amesimama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kurudi kumshika mkono, nikaushika mwavuli badala yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka. Alipofika alinipa shikamoo, kana kwamba tumekutana safarini. Sikuanguka. Nilikuwa nimeshatoka; wa kuanguka ndani hakuwepo.

Kwa hiyo Edina wako ampatie mama yake njia kwanza. Mchezaji awaongoze wote wawili.

Jumatano gari la Sista linakwenda Kasulu, kule kambini, na Frida yumo. Padre nimemwambia mafua yamepona, akasema ni muujiza na hakucheka, ila mabega yalicheka. Kahawa nimeimwaga, ilishakuwa vumbi. Kopo nimempa Frida la kuwekea kalamu.

Kesho barua hii anaipeleka yeye mwenyewe kwa Pastory, mpaka stesheni ya Kigoma, peke yake. Nimemwahidi sitamfuata. Bahasha sijaigundisha. Ugali tumekula.

Shangazi yako,
Skolastika


(Chini yake, safari hii kwa wino wa bluu:)

Stesheni ya Kigoma
5 Oktoba

Kaka Jonathan, shikamoo.

Naandika kwa kalamu, nimeiazima kwa Pastory, anasema nifanye haraka, treni haingoji mtu ingawa sisi tunaingoja kila siku. Nimekuja kwa bajaji mpaka karibu na bandari, halafu kwa miguu. Nimevuka lami mara mbili. Hapa kwenye ngazi watu kumi na wanne wamenisalimu kwa mpigo kwa Kiha, "Mwakeye!", nikakosa wa kuanza naye. Nikaanza na mwenye ndevu.

Mama aliahidi hatanifuata. Nyuma ya kibanda cha karanga kuna mwavuli ninaoujua, na leo hakuna jua wala mvua. Nimejifanya sijauona. Nitarudi kwa njia ndefu, goti lake lipate kutangulia kufika.

Frida